Vali Sita za Wifi

Mimi na wifi yangu hatukugombana. Waliosema tumegombana ni majirani, kwa sababu walisikia sauti. Sisi tulikuwa tunazungumza tu, yeye amesimama mlango wa karakana yake ya sabuni, mimi mlango wa chumba changu, na katikati yetu korido iliyojaa maboksi ya chupa tupu hadi kwenye dari.

"Haya maboksi ipo siku yataua mtu," alisema.

"Basi yaondoe."

"Niyapeleke wapi, kichwani? Kuna chumba kizima hapo kimejaa redio mbovu."

Chumba chenyewe ni hiki changu. Hatua tatu kwa mbili, dirisha linalotazama ukuta, meza niliyoitengeneza kwa mlango wa zamani, na juu ya meza mita yangu, pasi ya kulehemu, na visanduku vya vipuri nilivyovipanga mwenyewe. Hapo ndipo ninapotengeneza feni na redio za mtaa mzima. Nitasema ukweli: katika nyumba ile yote, chini karakana na juu makazi yetu, hicho ndicho chumba pekee ambacho hakuna mtu huingia kuniuliza chumvi iko wapi. Nakipenda kuliko inavyofaa kupenda kuta nne.

Lakini nyumba ni ya ukoo wa mume wangu, na wifi ndiye dada mkubwa. Karakana ni yake, korido ni yake, na akitaka, hata hewa ya koridoni ni yake. Mume wangu ni dereva wa lori, na kila mambo yakichacha nyumbani yeye hupata safari. Wiki ile aliniambia kwa simu, "Nyinyi wawili yamalizeni," kisha mtandao ukakatika. Mtandao wa mume wangu una akili sana.

Basi Jumatatu ile, wakati mimi na wifi tunazungumza, mashine ya kujazia sabuni ikafa.

Ni mashine aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ina tangi juu, na chini ya tangi mabomba sita yamepangwa mstari mmoja, kila bomba na vali yake ya umeme. Unapanga chupa sita, unabonyeza kitufe, vali zinafunguka, sabuni inashuka, baada ya muda uliopimwa zinafunga. Ubavuni kuna boksi la chuma, ndani yake bodi inayoziamuru vali zote. Mwaka mzima ilijaza bila kosa. Jumatatu vali tatu zikagoma, baada ya saa moja zikagoma zote.

Wifi aliitazama mashine, akanitazama mimi, akatazama maboksi. Nikaona hesabu inapita machoni mwake.

"Wewe si unaitwa Fundi Waya?" alisema. "Itengeneze. Ikifika Jumamosi saa sita mchana inajaza chupa arobaini na mbili, zote sawasawa na alama, hicho chumba ni chako na sitakitaja tena mpaka mnizike. Usipoweza, redio zinatoka, maboksi yanaingia."

"Kwa nini arobaini na mbili?"

"Sita mara saba. Hata hiyo fundi haijui?"

Shahidi wetu alikuwa Mama Kizibo, mama mmoja mpole anayefunga vifuniko vya chupa tangu karakana ianze. Alisema kazi ya ushahidi hakuiomba, ila kama ni lazima, yeye atatumia rula.

Nikafungua lile boksi la chuma. Miaka kumi na miwili nafungua vyombo vya umeme. Nimekuta vumbi, nimekuta mende, nimekuta mjusi mzima na watoto wake, na siku moja nilikuta funguo za nyumba ya mteja. Usafi sijawahi kuukuta. Ile bodi ilikuwa inang'aa kama sahani ya wageni. Na ilikuwa inanukia limau.

"Wifi," nikaita, "kuna mtu aliifungua hii?"

"Nani wa kuifungua? Fundi si wewe?"

Ukimuuliza mtu swali akakurudishia swali, jua kuna jambo. Mimi nalijua hilo tangu utotoni. Mama Kizibo naye ghafla akaona kitu cha maana sana kwenye dari. Pua yangu iliniambia kila kitu siku ile, lakini nilikuwa na haraka ya kuonyesha ufundi, sikuisikiliza.

Transista zote sita zilikuwa zimeungua. Transista ndiyo swichi. Inapokea amri ndogo kutoka kwenye bodi na kuachia umeme mkubwa uende kwenye vali. Na kando ya kila transista, kwenye njia ya kwenda kwenye vali, niliona visiki vinne vya miguu ya shaba, kama vya miti iliyokatwa. Pale palikuwa na vipande viwili, vimeshikana kwa mfuatano, na sasa havipo.

Kwa nini transista ziliungua, hilo halikunisumbua. Ndani ya kila vali kuna koili, waya uliozungushwa mara nyingi sana. Umeme ukipita, koili inakuwa sumaku, inavuta kichuma, vali inafunguka. Umeme ukikatwa, springi inakirudisha kichuma mahali pake. Shida ni kwamba koili haipendi kukatizwa. Ukiikata ghafla inarusha teke la umeme, volti ishirini na nne za mashine zinageuka mamia, na anayelipokea teke ni transista. Kama una wifi mkubwa huhitaji maelezo zaidi. Mkatize katikati ya maneno yake uone.

Dawa inajulikana. Unaweka dayodi, kile kipande kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, sambamba na koili. Lile teke linapata njia, linazunguka humohumo mpaka linachoka, na transista inapona. Kwa hiyo kipande cha kwanza kilichopotea kilikuwa dayodi, bila shaka. Cha pili je? Mchoro wa mashine haukuwepo, wa kumuuliza hakuwepo. Nikajiambia aliyeiunda alikuwa mtu wa mbwembwe. Nikaweka transista mpya sita, dayodi sita, na pale pa kipande cha pili nikaunganisha kwa waya mtupu. Nikafunga boksi nikiimba.

Jumatano mchana tukajaribu. Nikabonyeza kitufe, vali zikafunguka zote. Nikashika transista kwa kidole: baridi. Nilikuwa nimeshageuka kumtazama wifi kwa lile jicho ambalo mke wa mdogo wake haruhusiwi kulitumia, ndipo Mama Kizibo aliposema taratibu, "Mwanangu, zinapanda."

Sabuni ilipita alama, ikapita mabega ya chupa, ikafika shingoni, ndipo vali zikafunga kama mtu anayekumbuka jambo akiwa kitandani. Chupa mbili zilifurika. Maji yakimwagika hayazoleki, na sabuni ndiyo usiseme. Kadiri unavyoizoa ndivyo povu linavyoongezeka. Wifi alileta dekio mwenyewe. Alicheka tu, cheko la chini la mtu ambaye tayari anapanga maboksi.

Nikapunguza muda. Vali ya tatu ikajaza sawasawa, ya tano ikaacha chupa na kiu. Nikaongeza kidogo, ya tano ikatosha, ya tatu ikafurika. Kila moja ilikuwa inachelewa kufunga, na kila moja kwa uchelewaji wake. Alhamisi nzima nilibadilisha springi. Nilisafisha vichujio. Nilipima kimo cha sabuni tangini, nikapima uzito wa sabuni yenyewe, nikaishutumu kuwa nyepesi, mpaka wifi akatoa povu kuliko ile mashine.

"Sabuni yangu usiitukane! Mashine yako ndiyo imelegea. Zamani ilikuwa ikifunga inasema *tak!* Sasa inajikokota. Sikiliza. Haisemi tak."

"Wifi, mimi natumia mita, situmii masikio."

Alinyamaza. Hilo peke yake lingenishtua, kwa sababu wifi hanyamazi. Akainua kidole kana kwamba anataka kuongeza kitu, kisha akakishusha akaenda zake.

Ijumaa ni siku ya kuosha. Karakana ya sabuni ina sheria hiyo, na wifi ndiye mtunga sheria na mtekelezaji: kila Ijumaa alasiri kila kitu kinaoshwa, sakafu, tangi, meza, stuli, hata mpini wa dekio. Ijumaa ile aliosha vyote isipokuwa mashine. Alifika karibu na lile boksi la chuma na brashi yake, akazunguka kando, akaenda kuosha mlango ambao ulikuwa umeshaoshwa. Niliona. Nikadhani ananiheshimu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimebakiwa na saa tatu na sina wazo hata moja. Nilijaribu tena: chupa sita, mistari sita tofauti, kama watoto wa shule waliopangwa bila kufuata kimo. Nikaizima mashine. Nikarudi chumbani, nikachukua boksi tupu koridoni, nikaanza kupanga vitu vyangu. Nilitaka akija kunitoa akute nimeshatoka. Kiburi kingine hakina faida ila ndicho kilichobaki.

Niliweka mita. Niliweka pasi. Nilipofika kwenye visanduku vya vipuri mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mjinga wewe," nikasema. "Mjinga mkubwa. Miaka kumi na miwili, na bomba la sabuni linakushinda kufunga. Bora hizo redio uziachie watu wenye akili. Ungekuwa fundi ungeshajua. Wewe si fundi, wewe ni mtu mwenye bisibisi."

Nikalia, na sikulia kidogo. Nilipofuta macho nikamwona wifi mlangoni, amekumbatia boksi la chupa. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani. Nikangoja aseme neno la ushindi, nami nilikuwa na jibu tayari.

Akaweka boksi chini, akaondoka. Akarudi na kopo dogo la plastiki, akalisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja.

"Chukua."

Ndani mlikuwa na vipande kumi na viwili vidogo. Sita vyeusi vyenye mstari mweupe. Sita vya kioo chekundu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Vyote miguu imekatika.

"Niliiosha," alisema.

"Ulifanya nini?"

"Niliiosha, niliiosha! Ijumaa ile iliyopita. Nilifungua boksi nifute vumbi tu. Kitambaa kikatoka cheusi, nikaona aibu, nikaleta maji ya sabuni kidogo. Kisha brashi."

"Brashi gani?"

Akatazama dirisha.

"Wifi, brashi gani?"

"Ya masufuria."

"Ya waya?"

"Sasa unataka niseme mara ngapi? Ya waya! Ilikuwa na uchafu kwenye pembe! Hivi vikadondoka, nikasema labda ni vidudu vimekauka. Nikaikausha juani vizuri, nikairudisha. Jumatatu ikawaka, nikashukuru. Baadaye ikafa."

"Na nilipokuuliza?"

"Nilikujibu. Nilikuuliza fundi ni nani."

Nilikuwa na hasira ya kutosha kuchemsha tangi zima. Siku tano! Siku tano nabembeleza springi, na mtu amekalia jibu ndani ya kopo! Nilifungua mdomo nimtolee uvivu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye vile vioo vyekundu, na mkono ulikuwa umeshaanza kuitoa mita kutoka kwenye boksi. Ndivyo nilivyo. Nikiwa na kitu cha kupima, ugomvi unangoja foleni.

"Kwa nini hukuvitupa?" niliuliza nikisaka visiki vya miguu kwa ncha za mita.

"Mimi? Nitupe kitu?" Aliudhika kweli kuliko alivyoudhika kwa lingine lolote.

Kile cheusi kilikuwa dayodi ya kawaida, kama nilivyodhani. Kile chekundu kilikuwa dayodi ya zena, ile ambayo huzuia umeme upande wa pili mpaka volti zifike kiwango fulani, ndipo huuachia. Nikakaa juu ya kiti. Aliyeiunda mashine hakuwa mtu wa mbwembwe hata kidogo. Mwenye mbwembwe nilikuwa mimi.

"Nini?" wifi aliuliza. "Vimekufa?"

Nikamweleza kama ninavyoeleza hapa. Dayodi peke yake inaokoa transista, lakini inalipatia lile teke njia nyepesi mno. Umeme unazunguka ndani ya koili polepole, bila haraka, na wakati unazunguka koili bado ni sumaku. Swichi imeshakatwa, lakini vali bado imeshikilia, na sabuni inashuka. Ukiongeza zena kwenye njia ile ile, umeme unazunguka kwa taabu, unachoka mara moja, sumaku inaachia, springi inafunga. Na teke lenyewe linabaki dogo kiasi ambacho transista inalivumilia.

"Kwa hiyo ilikuwa inajikokota," alisema wifi.

"Ilikuwa inajikokota."

"Na haikuwa sabuni yangu."

"Haikuwa sabuni yako, wifi. Masikio yako yalikuwa sawa, mita yangu ndiyo nilikuwa naiuliza swali lisilo lake. Nisamehe."

Akaguna. Ilikuwa saa tano kasorobo.

Vioo viwili kati ya sita vilikuwa vimepasuka. Nikavitafutia badala kwenye mzoga wa chaja uliokuwa rafuni. Nilipima saba kabla ya kupata viwili vya kiwango kile kile. Vilivyobaki havikuwa na miguu ya maana, ikabidi niviongezee nyuzi nyembamba za shaba, kazi ya kushona kope. Wifi alishika tochi. Sikumwomba. Alishika tochi bila mkono kutikisika hata mara moja, akipumua kwa pua juu ya bega langu, na alijizuia kusema chochote kwa muda wa nusu saa nzima, jambo ambalo ukoo mzima haujawahi kulishuhudia. Pale pa mwisho alishindwa.

"Hicho umekiweka kinyume na cheusi."

"Ndivyo kinavyotakiwa. Vinapeana mgongo."

"Haya. Nilikuwa naangalia kama unajua."

Saa sita kasoro dakika kumi na tano Mama Kizibo alipanga chupa sita, akashika rula yake mbele ya kifua. Nikabonyeza kitufe. Sabuni ikashuka. Nilifumba macho, sikutaka kuona, nikasikiliza.

*Tak.*

Sita kwa pamoja, sauti moja. Nilisikia vizuri sana, na nikasikia wifi akivuta pumzi. Mama Kizibo aliinama mbele ya kila chupa kama daktari, akapima, akanyanyuka. "Hizi sita zinafanana." Tukaweka nyingine. Tak. Nyingine. Kwenye mzunguko wa tano chupa moja ilionekana imezidi. Kumbe lilikuwa povu, Mama Kizibo akalingoja lizame kwa utulivu wa mtu asiye na dau. Mzunguko wa saba ulipofunga, zilikuwa zimebaki dakika tatu.

"Arobaini na mbili," alisema Mama Kizibo. "Mstari mmoja kama meno ya bandia. Mimi ushahidi wangu umeisha, naenda kunywa maji."

Wifi hakubisha. Alikwenda koridoni, akaanza kuyabeba maboksi mawili mawili na kuyapanga chini ya ngazi, mahali ambapo nafasi ilikuwepo siku zote. Alibeba kwa kelele nyingi, akiyalaumu kwa uzito wake ingawa yalikuwa na chupa tupu. Nikamfuata, nikachukua boksi, tukabeba pamoja.

Lakini jambo moja lilikuwa linanikaa kooni. Wifi yangu ameshinda mabishano mengi kwa kukausha macho tu. Safari hii hakuhitaji hata kufungua mdomo: ningetoka kwa miguu yangu, na habari ya brashi isingejulikana milele.

"Wifi," nikasema. "Nilikuwa nimeshaanza kufungasha. Ungenyamaza tu, chumba kingekuwa chako. Kwa nini ulisema?"

Hakunitazama. Alikuwa anasawazisha boksi ambalo lilikuwa sawa.

"Nilikusikia unajiita mjinga."

"Ndiyo."

"Unasema wewe si fundi. Unalia."

"Ndiyo, wifi."

"Sasa sikiliza." Aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu kama yangu. "Katika nyumba hii wa kukuita mjinga ni mimi. Nimekuita hivyo tangu siku ulipoolewa na nitaendelea, kwa sababu mimi nikisema, wewe huamini. Leo nimekukuta unajiambia mwenyewe, na unaamini. Hilo sitaki kulisikia tena. Umenielewa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haya. Nyanyua upande wako, usinitegee, mjinga wewe."

Nikanyanyua upande wangu.